Kwenye gemu ya fumbo mimi ndo nafaa kufikiria

Nimecheza gemu za upelelezi na za mafumbo miaka mingi sasa, zingine kwa laptopu ya mtumba nyumbani, zingine kwa simu nikiwa kwa mathree ya kurudi Kahawa West, na kuna swali moja huwa naliuliza kabla ya yote mengine. Sijali picha ni nzuri aje, sijali muziki, sijali hadithi ni ndefu kiasi gani, nauliza tu hapa ni nani anafikiria, ni mimi ama ni gemu? Kama gemu ndo inafikiria halafu mimi nabonyeza tu maneno yasonge mbele, kwangu hiyo haijafaulu hata kama dunia nzima inaisifu. Na kama ni mimi, basi hata ikiwa ni maandishi matupu bila picha hata moja nitaikalia mpaka usiku wa manane na kesho yake niende kazi na usingizi.

Nianze na zile za kusoma, zile skrini ina picha ya mtu na chini yake kuna maneno, unasoma, unabonyeza, unasoma tena. Wajapani wako nazo tangu kitambo, mwaka wa 1983 Yuji Horii, yule aliyekuja kutengeneza Dragon Quest, alikuwa tayari ametoa moja ya kuchunguza mauaji. Lakini yenye ilinifungua macho mimi ni Phoenix Wright: Ace Attorney. Capcom waliitoa Japani mwaka wa 2001 kwa Game Boy Advance, ile mashine ndogo ya gemu ya mkononi, mwenye aliiandika na kuiongoza anaitwa Shu Takumi, na mimi niliipata kwa ule mkusanyiko wa gemu tatu uliotoka kwa kompyuta 2019. Wewe ni wakili mchanga, unasikiza shahidi akitoa ushahidi sentensi moja moja, na ukiona mahali amedanganya unatoa kitu kwa faili yako, ripoti ama picha ama risiti, unamwekea hapo mbele ya jaji. Mamangu alipita nyuma yangu siku moja akasema hii si ni kama vile vipindi vya mahakama vya KBC, na alikuwa sawa kabisa, kuna kelele, kuna jaji anayumba huku na kule, kuna shahidi anaanza kutoka jasho.

Wacha nieleze kesi ya kwanza yote kwa sababu ni kesi ya kukufundisha kucheza na haitakuharibia chochote. Msichana ameuawa kwake kwa kugongwa na sanamu. Ripoti ya daktari inasema alikufa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Shahidi, jamaa wa kuuza magazeti, anaapa kwamba aliona mwili saa saba mchana. Hapo tayari kuna kitu hakikai vizuri, saa saba huyo msichana alikuwa bado anapumua. Ukimbana anasema alisikia saa kwa TV. Mdogo wangu, wakati huo akiwa Form Two, alikuwa ameketi kando yangu kwa kitanda na sahani yake ya githeri, akaruka kabla nimalize kusoma: "Sista, TV gani? Si hiyo nyumba haikuwa na stima?" Na kweli, kwa faili kulikuwa na karatasi inasema siku hiyo mchana stima ilikuwa imepotea hapo kwa jumba. Mimi nilikuwa nimeiona hiyo karatasi nikapita, yeye amekulia mtaa wenye stima inapotea saa yoyote, hiyo kitu ilimgonga mara moja.

Sasa shahidi anabadilisha tena, anasema sio TV, ni ile saa ya mezani, na saa yenyewe ndo ile sanamu iliyotumika kuua. Lakini hiyo sanamu haifanani na saa hata kidogo, ni mtu ameketi anawaza, huwezi kujua ni saa mpaka uishike ikutamkie masaa, kwa hivyo alijuaje kama hakuwa ndani ya nyumba ameishika? Na bado kuna shida moja imebaki, mbona ilisema saa saba na mauaji yalikuwa saa kumi? Hapo gemu inanyamaza inakuachia. Kwa faili kuna pasipoti ya marehemu, alikuwa amerudi kutoka Paris siku moja kabla. Paris iko mbele ya mji wao kwa masaa tisa. Tulihesabu na vidole pale kitandani: saa kumi jioni huku, kule ni saa saba usiku. Kumbe ile saa haikuwa imechelewa masaa matatu venye kila mtu mahakamani alikuwa anadhani, ilikuwa imetangulia masaa tisa, mwenyewe hakuwa ameirudisha tangu ashuke ndege. Saa ikisema saa saba haikuambii ni mchana ama ni usiku. Jamaa aliisikia wakati anaua, ikamkaa kichwani, na ikamtoka mdomoni pale kizimbani.

Kile nilipenda hapo ni kwamba vitu vyote vilikuwa mkononi mwangu kutoka mwanzo. Hakuna barua ya siri ilikuja mwisho, hakuna ndugu pacha alitokea. Karatasi ya stima, pasipoti, ripoti ya daktari, zote nilikuwa nimeshazisoma, na kazi ilikuwa ni kuziweka kando kwa kando mpaka moja ikatae nyingine.

Na hii tabia niliitoa kwa gemu nikaipeleka kazini. Mimi nafanya kazi kwa saiba huku Tom Mboya, kazi yetu ni kuprinti, kuskani, kujazia watu fomu za serikali, na mwezi wa sita hapo karibu na tarehe 30 tunajaa watu wa ritani za KRA mpaka foleni inashuka ngazi. Kuna kijana alikuja amechoka kabisa, ombi lake mahali fulani lilikuwa linarudishwa kila akituma na hakuna mtu alimwambia sababu, anapigwa tu chenga, leo rudi kesho, kesho rudi wiki ijayo. Nilimwambia atoe makaratasi yote aweke kwa meza, nikayapanga kama faili ya kesi, nikasoma mstari kwa mstari. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vilikuwa vinatofautiana siku ya kuzaliwa, moja ilisema tarehe 7, ingine tarehe 17. Hicho tu. Alikuwa amebeba jibu kwa bahasha muda huo wote, na hao wenye walikuwa wanamrudisha walikuwa nalo pia mbele yao. Sisemi gemu ilinipa akili, nasema ilinizoesha kuuliza karatasi mbili kama zinakubaliana kabla niamini hata moja.

Lakini Ace Attorney iko na ugonjwa na siuufichi ingawa naipenda. Ukifika kesi za mbele unaanza kujua jibu kabla gemu ikuruhusu kulisema. Unajua muuaji, unajua alipitia wapi, lakini wakili wako kwa skrini bado hajajua, kwa hivyo ukitoa ule ushahidi wa maana mapema jaji anakukata alama, unalazimika kwanza kutoa kitu kidogo kwa sentensi ya tatu, halafu kingine kwa sentensi ya tano, unafuata njia ya mwandishi hatua kwa hatua. Hapo mimi sifikirii tena juu ya mauaji, nafikiria juu ya mwandishi, anataka nini sasa hivi. Danganronpa ndo mbaya zaidi kwa hilo, ile ya Spike ya 2010 ya wanafunzi wamefungiwa shule na dubu anawalazimisha kuuana. Hadithi yake inashika sana, lakini ukifika kwa kesi ya darasani wanakuletea michezo midogo midogo, sijui kupiga herufi zikipita, sijui kubonyeza kwa mdundo, na mimi nimeshajua nani aliua, niko hapa nagombana na vidole vyangu. Kwangu huo ni muda wa kufikiria nimenyang'anywa.

Return of the Obra Dinn ndo ilinionyesha kwamba hiyo shida inatibika. Ni kazi ya Lucas Pope, ilitoka 2018, na nikiambiwa nichague gemu moja tu ya upelelezi nichukue nayo mahali hakuna intaneti milele nitabeba hiyo. Meli inarudi Uingereza mwaka wa 1807 bila mtu hata mmoja hai ndani, wewe ni mkaguzi wa mambo ya bima wa kampuni ya East India, na uko na saa ya mfukoni ambayo ukiielekeza kwa maiti unasikia sauti za mwisho kwa giza, halafu unaingia ndani ya ile sekunde mtu alikufa, kila kitu kimesimama, unatembea kati ya watu kama uko ndani ya picha. Watu 60. Kila mmoja unatakiwa uandike jina lake, kilimpata nini, na kama aliuawa ni nani alimuua. Hakuna mtu anakuja kukuambia huyu ni fulani. Unaangalia lafudhi, unaangalia nguo, unaangalia nani anacheka na nani.

Kuna picha moja ya mabaharia wamelala kwa vitanda vya kamba, na vile vitanda vina namba, na namba zinalingana na ile orodha ya majina uko nayo kwa kitabu. Sura huoni, wamejifunika. Lakini mguu mmoja umetokeza, unaona soksi, ama kiatu. Basi unabeba hicho kiatu kichwani, unatoka hapo, unaenda kwa picha zingine zote ukitafuta mguu wenye kiatu kama hicho, na ukimpata unajua jina lake, na hakuna mtu alikuambia. Sijui kama nimewahi kusikia raha kama hiyo kwa skrini.

Na venye Pope alizuia kubahatisha ni hivi: gemu haikuthibitishii chochote mpaka uwe na watu watatu sawa kwa pamoja. Ukiwa na uhakika wa wawili unaeza kujaribu-jaribu wa tatu, sawa, mlango mdogo uko, lakini huwezi kubahatisha watatu wote kutoka kwa majina 60. Kwa hivyo unalazimika kujua, na kujua kuna raha yake ambayo kubahatisha haina hata ukipata.

Nilikuwa naicheza kazini asubuhi wakati wateja hawajaanza kuja, na kuna mzee mmoja mteja wetu, alifanya kazi bandarini Mombasa kabla astaafu, alikuwa ameleta barua zake zichapwe, akasimama nyuma ya kiti changu muda mrefu bila kusema neno. Mwishowe akaniambia, "Binti, kwa meli kila mtu ana mahali pake. Angalia nani anakaa karibu na nani." Nikamwambia, shikamoo mzee, keti basi tuangalie pamoja. Na ilikuwa ni hivyo hivyo, wale wahudumu wa maafisa wanajulikana kwa kuwa karibu na bwana zao, picha baada ya picha, hata wakati wa vurugu. Alikaa mpaka barua zake zikapoa kwa printa. Hakuwa amewahi kucheza gemu yoyote maishani, na kwa hii hakuhitaji kujifunza chochote kipya, alihitaji tu kile alikuwa anajua tayari.

Watu hunibishia sana juu ya madokezo, zile gemu zikiona umekwama zinaanza kukumulikia jibu. Mimi si mkali wa kusema yasikuwe. Lakini angalia vitendawili venye tulitegewa tukiwa wadogo: ukishindwa unaambiwa nipe mji, unatoa Nakuru ama unatoa Mombasa, mwenye kutega anajigamba kwanza kwamba alienda mji huo wakampokea, halafu ndo anakufungulia. Jibu lilikuwa na bei, bei ndogo ya mchezo tu, lakini ulijua kabisa kwamba umelinunua, hujalipata. Gemu nyingi za simu siku hizi zinakupatia bila kuomba, umekaa sekunde chache ukiwaza kidole hakijagusa, tayari kitu kinameremeta kwa kona. Huyo hajanisaidia, amenikata kauli nikiwa katikati ya wazo.

Upande mwingine kabisa kuna Umineko When They Cry, ya Ryukishi07 na kundi lake 07th Expansion, sehemu nane zilizotoka kati ya 2007 na 2010. Hapa karibu hakuna kitu cha kubonyeza zaidi ya kusonga mbele, chaguo za maana hazitokei mpaka mwisho mwisho, na bado hakuna gemu imenifanyisha kazi ya kichwa kama hiyo. Watu 18 kwa kisiwa, Oktoba 1986, dhoruba imewafungia, wanaanza kuuawa kwa vyumba vimefungwa kwa ndani, na kuna mchawi anasema ni yeye, ni uchawi, wewe kubali tu. Sheria inakuja kwa sehemu ya pili: kitu kikiandikwa kwa rangi nyekundu hicho ni kweli, hakuna ushahidi unahitajika, hakuna kubisha. Kila kitu kingine kinaweza kuwa uwongo, hata kile umeonyeshwa kwa macho yako.

Basi nilinunua daftari la kurasa 96, kila chumba ukurasa wake, naandika nadharia, mtu alijificha nyuma ya mlango, halafu nyekundu inakuja inasema hakukuwa na mtu amejificha, napiga mstari, naandika ingine, funguo zilikuwa mbili, nyekundu inakuja inafunga hiyo pia. Na polepole nikaanza kusoma nyekundu yenyewe kwa makini, nini imesema na nini haijasema. Ikisema mlango ulikuwa umefungwa, imesema ulifungwa na nani? Ikisema watu sita wamekufa, imesema wamekufa lini? Hiyo ni shule ya kusoma, na naisema kwa moyo wangu wote. Hata taarifa kwa magazeti nazisoma hivyo sasa, naangalia kile sentensi imekwepa. Ni ndefu sana, masaa mengi mno, na sehemu ya kwanza inakawia sana na maneno ya familia kuhusu mirathi, lakini mtu amewahi kukaa kwa kikao cha familia kugawana shamba hawezi kuchoka hapo, anawajua wote.

Mafumbo matupu yasiyo na hadithi nitayapitia haraka, isipokuwa moja. Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland, ilitoka 2019 na iko kwa simu. Sheria za gemu ni matofali yenye maneno, yako hapo chini pamoja na wewe, na unaweza kuyasukuma. Matofali matatu yamejipanga yanasema ukuta ni kizuizi, ukisukuma moja nje ya mstari ukuta si kizuizi tena, unapita katikati yake. Ukivunja ile inasema Baba ni wewe, basi wewe sio mtu yeyote, kila kitu kimenyamaza. Nimekwama kwa hatua moja ya hii gemu kutoka Pangani mpaka Roysambu, simu nimeshaiweka kwa mfuko kwa sababu ya wale wa kunyakua kwa dirisha, na bado nacheza, natazama nje mabasi yamesimama na kichwani nasukuma matofali. Halafu unaona. Ulikuwa unatafuta njia ya kuzunguka ukuta na ungeuondoa tu. Tena unarudi nyuma hatua yoyote bila adhabu, umekosea unarudisha, sio kama Sokoban ile ya 1982 ya kusukuma masanduku ambapo sanduku likishaingia kona limeingia. Sokoban naiheshimu, ila kwa umri huu sitaki kuadhibiwa kwa kidole kuteleza, nataka kuadhibiwa kwa kufikiria vibaya peke yake.

Sasa kuna wenye hushangaa aje mtu wa mafumbo anapenda pia zile gemu zinajiendesha zenyewe, unaziacha zinafanya kazi, ukirudi umetajirika. Wanasema hapo hakuna kufikiria. Cookie Clicker ya Mfaransa Julien Thiennot, wengi wanamjua kama Orteil, ilitoka Agosti 2013, unabonyeza biskuti kubwa unapata biskuti, halafu unanunua vitu vya kukuokea. Mshale wa kwanza, ule wa kukubonyezea, ni biskuti 15 na unaleta moja kila sekunde kumi. Shosho wa kwanza, yaani nyanya wa kuoka, ni 100 na anaoka moja kila sekunde. Mtu wa haraka ananunua mishale kwa sababu ni rahisi. Lakini piga hesabu: mshale unarudisha bei yake kwa sekunde 150, shosho anarudisha kwa 100. Shosho ndo rahisi. Halafu kila ukinunua kimoja, kinachofuata cha aina hiyo kinapanda bei kwa asilimia 15. Ukifika shosho wa 11 ni kama biskuti 405 na bado anaoka moja tu kwa sekunde, wakati shamba la kwanza ni 1,100 na linaleta 8 kwa sekunde, yaani linajilipa kwa sekunde 138 hivi. Kwa hivyo kuna wakati wa kuacha mashosho na kuweka akiba ya shamba, na hakuna mtu anakuambia ni lini.

Niliiweka ikiendelea kwa kompyuta ya kaunta, na mama wa kibanda cha soda hapo chini alipokuja kutoa kopi akaiangalia kidogo akaniuliza kama huyu shosho mpya analeta zaidi ya yule wa kwanza, nikamwambia hapana, sawa tu, akasema basi mbona unamlipa zaidi. Yeye hufanya hiyo hesabu kila siku na kreti za soda. Ile gemu inaonekana ya kijinga kwa macho na chini yake kuna swali la kweli kabisa.

Zile sitaki ni za simu zenye zimechukua huo mtindo zikatoa swali zikaacha kungoja. Kuna moja niliiweka, jina lake siliandiki, kila ukirudi inakuambia ulizalisha kiasi hiki, tazama tangazo upate mara mbili. Tangazo, halafu tangazo, halafu sanduku lenye linafunguka baada ya masaa manne ama ulipe. Bando yangu ya wiki iliisha siku ya tatu. Na nikikaa nikijiuliza ni uamuzi gani nilifanya kwa siku hizo zote, hakuna, kila mara jibu lilikuwa tazama tangazo. Iliniuma kwa sababu watoto wengi wa mtaani kwetu wanajua gemu za aina hiyo pekee, wanadhani ndo gemu, na pesa ya bando ni ya mzazi.

Wakati kuna A Dark Room. Michael Townsend aliitoa 2013 kwa brauza, bure, halafu Amir Rajan akaileta kwa iPhone na mwaka wa 2014 ikafika namba moja kwa duka la App Store la Marekani, gemu haina picha hata moja. Ni maandishi. Uko kwa chumba cha giza, baridi, kuna kitufe kimoja cha kuwasha moto. Unawasha. Mtu anaingia anatetemeka. Unaenda kutafuta kuni, unajenga, watu wanakuja, na unaanza kuona kwamba kuna mambo hapa hayaelezwi, huu msitu ni wa wapi, mimi mwenyewe ni nani. Sitasema. Hiyo ni gemu ya upelelezi imevaa nguo za gemu ya kungoja. Universal Paperclips ya Frank Lantz ya 2017 ni hivyo pia, imetoka kwa lile wazo la mwanafalsafa Nick Bostrom la mashine iliyoambiwa itengeneze vibanio vya karatasi na haikuambiwa iishie wapi. Unaanza na kibanio kimoja kwa kubonyeza, unapanga bei, unanunua waya, na kufikia mwisho umemaliza ulimwengu wote, hakuna kitu kimebaki cha kugeuza, isipokuwa zile mashine zako mwenyewe. Zote mbili zinaisha. Kwangu hiyo ni alama kubwa ya heshima, mtengenezaji amesema kile alikuwa nacho akakuachilia urudi kwa maisha yako.

Mtu akiniuliza aanzie wapi na hana pesa ya gemu namwambia hizo mbili, ziko bure kwa brauza, halafu kesi ya kwanza ya Ace Attorney na mtu mwingine kando, usiicheze peke yako. Obra Dinn ukishazoea. Umineko ukiwa na likizo.

Mimi sai nairudia The Case of the Golden Idol, ya 2022, ya Color Gray Games kutoka Latvia. Unaona picha ya kifo, unakusanya maneno kutoka kwa mifuko na barua za watu, unajaza nafasi, nani alimuua nani na kwa nini. Naipenda karibu kama Obra Dinn, lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua, ukiwa umekosea nafasi mbili ama chini ya hapo inakuambia. Hiyo ni karibu sana. Kidole kinaanza kubadilisha maneno bila kichwa, weka huyu, toa huyu, mpaka ikubali, na ikikubali hivyo huwezi kueleza ni kwa nini. Kwa hivyo nikiona huo ujumbe naacha maneno yalivyo, narudi kwa picha, nafungua mifuko yao tena moja moja.